Miti Miwili ya Njano na Uzi wa Buluu

"Kama hukujua, kwa nini ulifunga uzi?"

Niliulizwa swali hilo asubuhi moja katika miaka ya tisini, kwenye kitalu cha miche pale Kabiro, Kawangware. Aliyeuliza alikuwa ameshika kiota cha ndege. Mimi nilikuwa na digrii ya mimea na nilizoea kuwa na jibu la kila kitu. La swali lile sikuwa nalo.

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa mnaniuliza mambo mengine. Mnakuja na simu, mnanionyesha picha: "Madam, kati ya hizi mbili, mteja apande gani karibu na geti?" Nimestaafu, magoti yamekataa kuchuchumaa, lakini bado mnanifuata mpaka mlangoni. Na mara nyingi picha ni zile zile: mti mkubwa wa maua ya njano, na mwingine mkubwa wa maua ya njano. Huwa nachelewa kujibu. Najua mnasema nje kwamba ni uzee. Si uzee. Naogopa.

Basi tuanze na miti yenyewe, halafu nitawaambia naogopa nini.

Wa kwanza ni tekoma. Pale kitaluni tuliuita kengele kwa sababu ya umbo la maua yake. Wa pili ni oleanda ya njano. Yote miwili ukiiacha inapita paa la mabati, yote inachanua karibu mwaka mzima, na ukiwa ng'ambo ya barabara huwezi kuitofautisha. Sogea karibu. Jani la kengele limegawanyika vijani vitano au saba, na kila kijani kina meno pembeni kama msumeno. Jani la oleanda ni refu, jembamba, linang'aa, halina meno. Ua la oleanda limejisokota kidogo, kama kitambaa kilichokamuliwa. Tunda la kengele ni refu kama ganda la maharagwe. Likikauka linapasuka, mbegu zinapeperuka hadi kwa jirani, na jirani anakuja kugombana. Tunda la oleanda ni la kijani, nene, lina pembe pembe, na ndani kuna kokwa gumu ambalo watoto hupenda kuchezea.

Kwa uzuri wa kazi peke yake, oleanda inashinda. Haishtuki kiangazi, unaikata umbo unalotaka, haichafui uwanja, na mbuzi mwenye akili haili. Kengele ni mkorofi. Usipoukata unatanuka kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Lakini oleanda, kuanzia mzizi mpaka kokwa, ni sumu ya moyo. Hupunguza mapigo na kuyavuruga, na mtoto mdogo hahitaji kula nyingi.

Hayo yote niliyajua nikiwa na miaka ishirini na mitano. Niliyajua kwa Kilatini. Shida ni kwamba kitaluni mti hauna jani wala ua. Tunakata vijiti, tunanyonyoa majani yote ili visikauke, tunavichomeka kwenye udongo, tunangoja. Kwa wiki kadhaa unachokiona ni kijiti cha kijivu cha urefu wa mkono, na kijiti hakina sura.

Kitalu kilikuwa cha Mzee Okello. Alikuwa amelima bustani za matajiri wa Lavington kwa miaka mingi, kisha akachoka kuamrishwa, akaanza kuotesha miche yake kando ya kijito. Aliponichukua aliniangalia viatu kabla ya uso. "Chuo kikuu?" akauliza. "Na kazi umekosa?" Nikamwambia kazi zimekosekana, si mimi niliyezikosa. Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, nyathina, ingia. Hapa kuna matope ya kila mtu." Nyathina kwa Kijaluo ni mwanangu, na aliniita hivyo hata siku ambazo alitamani kunifukuza.

Zilikuwa nyingi. Niliuliza kila kitu. Kwa nini tunapandikiza jioni? Kwa nini kijiti kinakatwa mshazari chini na sawa juu? Hilo la mwisho alinijibu kwa kunipa rundo la vijiti vilivyokatwa sawa pande zote mbili na kuniambia nivipande. Nilipanda nusu yake vichwa chini. Nekesa, aliyekuwa mfanyakazi mwenzangu, Mluhya mmoja mwenye mdomo, aliwaita wateja waje waone. "Njooni mwone digrii inavyoota kwenda Australia!"

Lakini kulikuwa na sheria moja ambayo Mzee hakunieleza hata nilipomsumbua. Vijiti vya kengele vilipandwa kwenye pakiti za maziwa, zile tulizookota kwenye vibanda vya chai. Vijiti vya oleanda vilipandwa kwenye mikebe ya bati tu, ile ya mafuta ya kupikia. Mikebe ilikuwa haba, ilikata vidole, ilishika kutu. Oleanda nyingi hazikupandwa kabisa kwa kukosa mkebe.

"Kwa nini mikebe?" niliuliza.

"Kwa sababu."

"Kwa sababu gani?"

"Ya mkebe," akasema, akaendelea kupalilia.

Nikaamua ni ushirikina. Mzee alipoenda nyumbani kwao ziwani kuzika ndugu yake, nilihamisha oleanda zote kwenye pakiti za maziwa, nikaziweka sambamba na kengele, safu kwa safu, pazuri kama maktaba. Kuzitofautisha nilifumua sweta mbili za mitumba. Uzi wa buluu kwa kengele, uzi mwekundu kwa oleanda, kila kijiti na fundo lake. Mzee aliporudi alisimama akaangalia kwa muda mrefu. Alikuwa bado kwenye huzuni. "Uzi," akasema. Akaenda kupalilia. Nilihesabu huo kuwa ushindi.

Kama wiki mbili baadaye nilifika asubuhi nikakuta vijiti tisa katikati ya safu havina uzi. Nilidhani ni upepo, au watoto. Nilisimama pale na pakiti tisa mbele yangu, zote sawa, zote na kijiti cha kijivu chenye macho madogo yaliyovimba, yale yanayochipua majani. Ningeweza kuchuna gome kidogo kwa ukucha. Oleanda hutoa utomvu mweupe kama maziwa, kengele haitoi. Ni kazi ya dakika moja. Sikuchuna, kwa sababu Nekesa alikuwa pale anamwagilia, na angeuliza natafuta nini, na ningelazimika kusema kwamba mpango wangu umevunjika. Nikajiambia nakumbuka safu zilivyokuwa. Nikafunga tisa, buluu na nyekundu, haraka haraka, kama mtu anayejua.

Siku tatu baadaye alikuja mama mmoja wa Kinubi kutoka Kibera, upande wa Makina. Wajukuu wake walimwita Haboba, yaani bibi, na mtaa mzima ukafuata. Alikuwa mrefu, amejitanda nguo yake nyeupe, na alizungumza kama mtu asiyerudia maneno. Alitaka miti sita ya kupanda kando ya ukuta wa ua wake, ipate kivuli na maua. Akina mama wapangaji wake walipoenda vibarua walimwachia watoto, akawa nao kumi na zaidi.

"Binti, hii haina shida na watoto? Wangu wanakula mpaka udongo."

"Yenye uzi wa buluu haina shida kabisa, Haboba," nikasema. Niliongeza jina la Kilatini, ili aamini.

Akachagua sita.

Sasa turudi kwenye kiota. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu Haboba achukue miche. Mzee Okello alikuwa juu ya ngazi akipunguza kengele kubwa ya langoni, na kiota kikamwangukia. Akashuka nacho polepole. Kilisukwa kwa nyasi, manyoya, na nyuzi za sufu. Buluu na nyekundu.

"Nyathina. Hii uzi ilikuwa kwa miche."

Nikasema ndiyo.

"Imekuwa nyumba ya ndege. Sasa ile iko kwa miche ni gani?"

"Nilifunga mingine."

"Ulijuaje hii ni hii, na hii ni ile?"

Nikatazama safu yangu. Ndipo akauliza lile swali mlilolisoma juu kabisa. Nekesa aliacha kumwagilia. Mkebe wake uliendelea kudondosha maji kwenye viatu vyake na hakuona.

Mzee hakungoja jibu. Alitoa kisu, akachuchumaa kwenye safu yangu, akaanza kuchuna vijiti vyenye uzi wa buluu ambavyo macho yake hayajafunguka. Cha kwanza, kijani kitupu. Cha pili, kijani. Cha tatu kilitoa tone jeupe. Tone lilikua, likateleza juu ya uzi wa buluu, likakaa pale. Nimeona mambo mengi tangu siku hiyo, lakini nikifumba macho kwa hofu ni tone lile naliona.

"Nani alinunua ya buluu?" Mzee akauliza.

"Mmoja tu. Yule mama wa Kibera."

"Yule wa watoto," Nekesa akasema. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Wewe, kimbia."

Nilikimbia. Kutoka Kawangware hadi Makina kwa mguu ni mwendo wa kama saa nzima. Sijui nilitumia muda gani. Nakumbuka nilikata kupitia mtaa wa Kongo katikati ya nguo zilizoanikwa, nikavuka barabara ya Ngong bila kuangalia, dereva akanitukana mama. Njia nzima nilihesabu. Sita kati ya safu ile. Tisa nilizofunga kwa kubahatisha. Labda hakuchukua hata moja kati ya hizo. Labda alichukua tatu. Somo la hesabu nilikuwa nimelipita vizuri, na halikunisaidia hata hatua moja.

Uani kwa Haboba kulikuwa kimya, na kimya hicho kilinimaliza. Ua wenye watoto kumi haunyamazi. Walikuwa wameketi kwenye mkeka wote, na Haboba alikuwa amempakata msichana wa miaka miwili, mjukuu wake Nuru. Mtoto alikuwa ametapika mara tatu tangu asubuhi. Kichwa kimelegea begani.

"Miche," nikasema. Sikuweza kupumua. "Haboba, miche iko wapi?"

Alinyoosha kidole. Mitano ilikuwa imefungua majani, na kila kijani kilikuwa na meno ya msumeno. Kengele, kengele, kengele, kengele, kengele. Wa sita ulikuwa umelala chini, pakiti imepasuka, kijiti nje ya udongo. Macho yote yalikuwa yamenyofolewa. Hakukuwa na jani hata moja la kuniambia chochote.

Nilikiokota, nikachuna kwa ukucha mahali padogo. Hakuna maziwa. Lakini kilikuwa kimekaa juani, kimekauka nusu, na kijiti kikavu cha oleanda nacho hakitoi maziwa. Mbuzi wa Haboba alikuwa amefungwa kando akitafuna kipande cha gazeti. Kama ni yeye aliyenyofoa, hakuwa mbuzi wa kuchagua.

"Hicho ni kitu gani?" Haboba akauliza.

Nikamweleza. Maneno machache. Hakupiga kelele. Alikichukua kile kijiti mkononi mwangu, akakiingiza ndani ya nguo yake, akamwinua mtoto, akamwita jirani mwenye pikapu kwa jina lake mara moja tu.

Kwenye zahanati muuguzi alimpokea Nuru na kumlaza. Haboba alibaki nje ya mlango na kijiti chake, amesema anamwambia jirani asiondoke na gari. Mimi nikaingizwa ndani kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na habari.

"Amekula nini?"

"Huenda amekula mti."

"Mti gani?"

"Sijui, sista. Ni mmoja kati ya miwili. Mmoja hauna neno. Mwingine unasimamisha moyo."

Akanitazama. "Si wewe ndiye uliuza?"

"Ndiyo."

"Na hujui uliuza nini?"

"Sijui."

Alikuwa na saa iliyobandikwa kifuani. Akaishika, akashika mkono wa mtoto. "Basi tutahesabu. Ikianza kushuka tunakimbia hospitali kubwa na hiyo pikapu."

Alihesabu kila baada ya dakika chache. Aliandika namba kwenye kiganja chake kwa kalamu. Alipima joto, likawa juu. Akamtoboa mtoto kidole, akaweka damu kwenye kioo, akaipeleka chumba cha pili. Haboba aliingia akaketi kwenye benchi kando yangu. Alikuwa na leso mdomoni. Nikadhani analia. Baada ya muda alinyoosha mkono wake mwenyewe.

"Sista, ukimaliza huyo, nihesabu na mimi."

"Mama, wewe una nini?"

"Mshtuko tu. Nihesabu."

Muuguzi akacheka kidogo, akamhesabu, akaandika namba yake chini ya ya mtoto. Na kila alipomhesabu Nuru, Haboba alinyoosha mkono tena. Ikawa kama mchezo wao. Mimi nilikodolea macho kile kiganja chenye namba. Nilisali, na mimi sikuwa mtu wa kusali. Nilikuwa nimebishana hata na mchungaji wa nyumbani kwetu. Niliahidi mambo mengi. Jua liliingia kwa dirisha moja, likatoka kwa jingine.

Namba hazikushuka. Alasiri majibu ya damu yakarudi: malaria. Nuru alikunywa dawa, akatapika, akanywa tena, akaikubali. Kabla ya magharibi aliomba chai. Haboba akamsikia, akasimama, akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo.

Nilimwomba kile kijiti. Alinipa bila kunitazama. Gome la ncha moja lilikuwa limemenywa lote, ubao mweupe uko nje, na alama za meno.

Mzee Okello alikigeuza geuza kitaluni. "Mbuzi huyu," akasema, "ana meno ya watu." Nikamwambia labda ni mtoto. Alitafuta mkebe, akakipanda ndani ya mkebe. "Kikiota tutajua." Hakikuota. Kwa hiyo kuhusu mche wa sita, mpaka leo, sijui.

Siku ile ile alinieleza habari ya mikebe, bila kuulizwa. Mkebe hauliwi na ndege. Haufifii juani. Mtu asiyejua kusoma anaujua, na mtu akiubeba njiani kila anayekutana naye anauliza kuna nini ndani. Mtoto hawezi kuung'oa na kuondoka nao. "Mimi nilidhani unajua," akasema. "Uliuliza maswali mengi, nikadhani unajua majibu unanijaribu."

Tulirudisha oleanda zote kwenye mikebe. Nilichuna kila kijiti cha safu ile, mbele ya Nekesa, nikisema kwa sauti kila kimoja kilikuwa nini. Hakunicheka. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe.

Kwa hiyo mkinionyesha picha, nawauliza nyumba ina watoto wangapi kabla ya kuuliza udongo. Nawaambia mchune. Nawaambia uzi ukitoka, vijiti vyote visivyo na uzi ni oleanda mpaka mti wenyewe ukatae. Endeleeni kuuliza maswali, sikujuta kuuliza. Najutia mara moja tu niliyoacha kuuliza kwa sababu kulikuwa na mtu ananiangalia.

Haboba alifariki akiwa mzee sana. Nilienda Makina kuhani. Kengele tano zilikuwa zimepita paa, uani ni njano tupu. Nuru, mama wa watoto wawili sasa, alinikaribisha kahawa chini yake, nikamwambia kwamba bado naota kile kijiti chenye meno yake.

"Meno yangu?" akasema. "Mimi sikukigusa. Mbuzi alikula yale macho, Haboba alimwona. Lakini hakuwa na hakika kama na mimi nilionja, na wewe ulikuwa ndani unamwambia sista hujui. Basi akakitafuna yeye, pale nje ya mlango, akameza, ili mapigo yake mwenyewe yaseme ni mti gani, halafu akaingia kukaa kwenye benchi karibu nawe."